Mwani unapogeuka mweupe: vimeng'enya vya baharini na hasara ya wakulima wa Zanzibar

Katika fukwe za mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, bahari inapokupwa wakati wa bamvua huacha wazi safu kwa safu za vigingi na kamba zilizofungwa matawi ya mwani. Yafikapo majira ya joto, baadhi ya matawi hayo hupoteza rangi, hugeuka meupe, hulegea na kukatika. Mkulima aliyetarajia kujaza gunia hubaki na kamba tupu. Nyuma ya hasara hiyo wamo viumbe wasioonekana kwa macho, nao wanatumia nyenzo ambayo maabara za Ulaya na Asia zimekuwa zikiichunguza kwa miongo kadhaa: vimeng'enya vinavyoweza kukata sukari ngumu za mwani.

Kwa wasikilizaji wetu wa bara, ambao wengi hawajapata kuuona mwani ukiwa shambani, yafaa kueleza kwanza kwamba nchini Tanzania mwani ni zao la biashara kama yalivyo kahawa na chai. Kilimo chake cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, baada ya majaribio yaliyoongozwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa kutumia mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Hivi leo zaidi ya watu 20,000 visiwani humo hujipatia kipato kutokana na zao hili, na takriban wanne kati ya kila watano ni wanawake. Baada ya utalii na karafuu, mwani ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni vya Zanzibar. Katika pwani ya Kenya nako, hususan Kibuyuni katika kaunti ya Kwale, akina mama wameingia katika kazi hiyo hiyo.

Kinachonunuliwa hasa katika gunia la mwani mkavu ni karajinani, sukari nzito iliyomo katika kuta za chembe hai za mmea huo. Viwanda huitumia kuifanya aiskrimu isiyeyuke upesi, maziwa ya chokoleti yasitengane, na dawa ya meno ibaki laini. Msikilizaji anaweza kuithibitisha nyumbani: akiona alama E407 katika orodha ya viungo vya chakula cha pakiti, hiyo ndiyo karajinani, na si ajabu ikawa imetoka katika maji ya Unguja au Pemba.

Kisu na mnyororo

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kukisaga chakula tumboni hadi mwili uweze kukitumia. Miongoni mwa istilahi za sayansi tulizonazo katika Kiswahili, ni chache zinazojieleza vizuri kama hii. Mtu akitafuna tonge la ugali au kipande cha muhogo kwa muda mrefu bila kumeza, huanza kuhisi utamu ambao haukuwapo mwanzoni. Hajaongezewa sukari. Wanga wa ugali ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari iitwayo glukosi, nayo mate yana kimeng'enya kinachoukata mnyororo huo. Ulimi hauwezi kuuonja mnyororo mzima, ila huvionja vipande vyake.

Wataalamu huiita minyororo ya namna hiyo polisakaridi. Mwani nao umejengwa kwa polisakaridi, lakini za aina nyingine kabisa. Mwani mwekundu una agari na karajinani, mwani wa kahawia una alginati, na ule wa kijani una ulvani. Katika karajinani, vipande vya mnyororo si glukosi bali galaktosi, na juu yake zimepachikwa chembe za salfeti mithili ya miiba kwenye shina la mkonge. Kimeng'enya cha mate yetu hakiwezi kuugusa mnyororo huo, kwa sababu kila kimeng'enya ni protini yenye umbo lake, na umbo hilo hukubali kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake.

Hapa ndipo tofauti ndogo zinapokuwa na uzito mkubwa. Wakulima wa Zanzibar hupanda aina mbili za mwani: ile ambayo soko huiita spinosamu, na nyingine iitwayo kotoni, ambayo bei yake huwa ya juu zaidi. Kotoni hutoa karajinani aina ya kapa, yenye salfeti moja katika kila jozi ya galaktosi. Jeli yake ni ngumu. Spinosamu hutoa karajinani aina ya ayota, yenye salfeti mbili. Jeli yake ni laini na yenye kunepa. Salfeti moja zaidi, na kimeng'enya kinachoikata kapa hushindwa kuikata ayota.

Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha elimu ya bahari cha Roscoff, katika mkoa wa Brittany nchini Ufaransa, walichapisha maumbo ya vimeng'enya viwili vya bakteria wa baharini: kimoja cha kapa na kimoja cha ayota. Cha kapa kina mfereji uliofunikwa kama handaki. Mnyororo wa karajinani hupita humo kama uzi katika tundu la sindano, na kimeng'enya huendelea kuukata kipande baada ya kipande bila kuuachia. Cha ayota kimejipinda kama ngazi ya mzunguko, na hakifanani hata kidogo na mwenzake. Maumbile yamefika kwenye kazi inayokaribiana kwa njia mbili tofauti.

Mlo unaoanzia nje ya mwili

Bakteria ni mdogo kuliko chakula anachokitamani. Mnyororo wa karajinani hauwezi kupenya ngozi yake, hivyo hulazimika kutoa vimeng'enya nje, kuukata huko huko majini, kisha kuvuta ndani vile vipande vidogo. Wafugaji miongoni mwa wasikilizaji wetu wanaijua kazi inayokaribiana na hiyo: ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzi za majani, bakteria walioko katika tumbo lake la kwanza ndio wanaomfanyia. Bahari nayo ina tumbo la namna hiyo, isipokuwa halina kuta. Lau si hao bakteria, mwani unaokufa ungelundikana ufukweni mwaka hadi mwaka.

Elimu kuhusu viumbe hawa ina historia ya zaidi ya karne moja, na ilianzia mahali pasipotarajiwa, yaani jikoni. Mwaka 1881, nchini Ujerumani, Fanny Hesse alimpendekezea mumewe, daktari aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, atumie agari ya mwani kuoteshea vijidudu. Yeye aliijua agari kama kiungo cha kugandishia vyakula vitamu, alichofundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Agari ilifaa kwa sababu haiyeyuki katika joto la mwili, na kwa sababu vijidudu karibu vyote havina kimeng'enya cha kuila. Hadi leo hospitali hutumia visahani vya agari kutafuta vijidudu vya maradhi.

Karibu vyote, lakini si vyote. Mwaka 1902 mwanasayansi wa Norwei, Haaken Hasberg Gran, alieleza juu ya bakteria wa baharini aliyekuwa akiiyeyusha agari yenyewe. Bakteria wa namna hiyo hutambulika kwa urahisi maabarani: mahali wanapoota, sahani huchimbika kishimo, kwani wanakula sakafu waliyosimamia.

Anayefahamika zaidi leo katika kundi hili aliokotwa huko Roscoff juu ya mwani mwekundu, na mwaka 2001 akapewa rasmi jina la Zobellia galactanivorans. Sehemu ya kwanza ya jina inamuenzi Claude ZoBell, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya bakteria wa baharini. Sehemu ya pili ina maana ya mlaji wa minyororo ya galaktosi. Mwaka 2017 watafiti walionyesha jinsi anavyoila karajinani hadi mwisho. Kukata mnyororo ni hatua ya mwanzo tu. Vinahitajika vimeng'enya vingine vya kung'oa salfeti, na vingine tena vya kutenganisha vipande vinavyosalia, kimoja baada ya kingine kwa zamu. Jeni za kazi hiyo hazikukaa zote mahali pamoja katika mwili wa bakteria huyo, ila zimetawanyika, na bado huamka kwa pamoja pale karajinani inapoonekana.

Kwa nini majira ya joto

Bakteria wenye vimeng'enya vya karajinani huishi juu ya mwani wakati wote, hata ukiwa na afya. Swali la msingi kwa mkulima, basi, ni kwa nini mwani hushindwa wakati fulani na si wakati mwingine.

Ugonjwa wenyewe uliripotiwa kwanza nchini Ufilipino katika miaka ya 1970. Wakulima wa huko waliuita aisi-aisi, kwa kuwa matawi yaliyougua hufanana na vipande vya barafu. Mwaka 1995 Danilo Largo na wenzake walichapisha majaribio yanayosaidia kulijibu swali hilo. Waligundua kuwa joto la maji likifika nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, au chumvi ikipungua sana, au mwanga ukiwa hafifu, mwani huanza kuwa mweupe. Waligundua pia kwamba katika matawi yaliyougua bakteria huwa wengi zaidi, na baadhi yao huharakisha kuoza pale mwani unapokuwa tayari umedhoofika.

Kwa maneno mengine, joto hufungua mlango na bakteria huingia. Mpangilio huu ni muhimu, kwa sababu mara nyingi habari za ugonjwa wa mimea huandikwa kana kwamba kijidudu ndicho kisa kizima. Katika pwani yetu, majira ya kaskazi huleta maji ya joto na utulivu. Katika maeneo ya kina kifupi, pale ambapo mashamba mengi ya akina mama yapo, jua la mchana wakati wa maji kupwa hupasha maji kupita kiasi. Kisha mvua za masika zikinyesha kwa wingi, chumvi hushuka. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma, maji hupoa na mwani hupata nafuu.

Mwani wenyewe haukai tu kusubiri kuliwa. Uchunguzi uliofanywa kwa mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria umeonyesha kwamba vimeng'enya vya bakteria vinapoikata agari ya kuta zake, vile vipande vilivyokatwa huwa kama kengele ya hatari: mmea huvitambua na kutoa kemikali kali inayoua bakteria walio karibu. Mmea uliochoka kwa joto huwa na nguvu ndogo ya kujihami.

Kotoni ndiyo iliyoathirika zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa mara kwa mara katika maeneo mengi ya Unguja, na wakulima wengi wakalazimika kubaki na spinosamu, yenye ustahimilivu lakini bei ndogo. Hasara ya mkulima haihesabiwi kwa matawi yaliyokatika peke yake. Amepoteza pia lile zao lililokuwa likimlipa vizuri. Jambo jingine linaloongeza udhaifu ni namna mwani unavyopandwa. Haupandwi kwa mbegu za kweli, ila kwa vipande vya tawi lililotangulia, hivyo shamba zima huwa kama ndugu pacha. Ugonjwa unaoweza kuliangusha tawi moja unaweza kuyaangusha yote.

Tuongeze, kwa haki ya bakteria, kwamba si kila kamba tupu ni kazi yao. Samaki aina ya tafi hula mwani kwa uroho, na mawimbi ya kusi hukata matawi mazima.

Kutoka baharini hadi tumboni

Kwa kuwa vikundi vya wanawake Zanzibar sasa husaga mwani na kuuchanganya katika keki, sharubati na vyakula vingine, huenda msikilizaji akauliza: mtu anayekula mwani, nani humsagia? Jibu la kawaida ni kwamba karajinani hupita tumboni bila kumeng'enywa. Hata hivyo mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha ugunduzi ulioshangaza wengi. Jan-Hendrik Hehemann na wenzake wa Roscoff walikuwa wamepata katika Zobellia kimeng'enya kinachokata porfirani, sukari ya ule mwani mweusi ambao Wajapani hufungia wali wao. Walipotafuta jeni ya kimeng'enya hicho mahali pengine, waliikuta katika bakteria wa utumbo wa binadamu. Walilinganisha taarifa za Wajapani 13 na Wamarekani 18. Jeni hiyo ilionekana kwa baadhi ya Wajapani. Kwa Wamarekani haikuonekana hata kwa mmoja.

Maelezo yao ni kwamba bakteria wa baharini, walioliwa pamoja na mwani vizazi na vizazi, waliwapasia jeni zao bakteria waliokuwa tayari wakiishi tumboni. Mwili wa binadamu haukubadilika; waliobadilika ni wapangaji wake.

Kisu hicho hicho kiwandani

Kwa wenye viwanda, kimeng'enya ni kisu kinachokata mahali pamoja kila mara, bila moto mkali na bila tindikali. Kimeng'enya kinachokata agari huuzwa kwa maabara ili kuitoa DNA katika jeli iliyonaswa ndani yake. Mwaka 2012 kampuni moja ya California iliripoti katika jarida la Science kwamba imempandikiza bakteria wa maabara jeni za bakteria wa baharini, akaweza kuila alginati ya mwani wa kahawia na kutoa ethanoli, yaani mafuta ya kuendeshea magari. Mwaka 2019 watafiti waliohusisha Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani, walieleza safu nzima ya vimeng'enya vinavyoubomoa mwani wa kijani, ule unaotapakaa na kunuka katika fukwe za Ulaya.

Kuna mfano mmoja ambao mkulima wa bara atauelewa upesi. Nchini Ufilipino, taasisi ya utafiti wa nyuklia huikata karajinani kwa mionzi ya gama na kupata vipande vidogo ambavyo hunyunyiziwa mpunga ili ukue vizuri. Mionzi hukata ovyo, popote inapogonga. Kimeng'enya hukata kwa mpangilio. Haihitaji matumaini ya kupita kiasi kuona kwamba hata spinosamu ya bei ndogo ingeweza kupata thamani mpya kwa njia hiyo.

Tahadhari nayo ipo. Karajinani nzima na karajinani iliyokatwakatwa si kitu kimoja. Mwaka 1983 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka karajinani iliyovunjwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na majaribio ya wanyama. Hiyo ni ile inayovunjwa kwa tindikali na moto, nayo haitumiwi katika chakula. Lakini yeyote atakayeuza vipande vya karajinani kama dawa au kirutubisho atapaswa kuonyesha ni vipande vya ukubwa gani, na vimepimwa na nani.

Kwa sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar bado husafirishwa ukiwa mkavu, ndani ya magunia, na thamani kubwa huongezwa kwingine. Mradi wa kiwanda cha kuchakata mwani huko Chamanangwe, Pemba, umekusudiwa kulipunguza pengo hilo. Sabuni na bidhaa nyingine za akina mama zimekwisha kuonyesha kuwa gunia si mwisho wa safari. Kazi ya vimeng'enya, hata hivyo, huhitaji maabara, umeme wa uhakika na wataalamu wa kudumu, na ni vigumu kuiona ikianza kwa nguvu za vikundi peke yake.

Shambani, mambo yanayoweza kufanywa ni ya kawaida zaidi: kuyatoa mapema matawi yanayoanza kuwa meupe, kuvuna kabla joto halijapanda, na kutotumia kamwe tawi lililougua kama mbegu ya msimu ujao. Watafiti wanatafuta pia aina za mwani za asili ya pwani hii zinazoweza kuhimili joto. Dakta Flower Msuya, mtaalamu wa mwani wa Zanzibar, pamoja na wenzake, wamejaribu kuhamishia kilimo katika maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu zenye umbo la mrija, ambamo kotoni hukaa mbali na joto la ufukweni. Huko hakufikiki kwa miguu hata maji yakikupwa. Hutakiwa chombo, na mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi wanaolima mwani hawakufundishwa kuogelea utotoni, na kwa hiyo mafunzo ya kuogelea yamekuwa sehemu ya mradi huo.